Redio ya nyanya yazua ala mpya Ndithini

REDIO ya mama yangu ilinyamaza Jumanne moja ya likizo ya Agosti, na kwa siku tatu nzima hakuna aliyejua sababu. Betri zilikuwa mpya. Taa yake ndogo nyekundu iliwaka kama kawaida. Mshale ulikuwa palepale pa siku zote, kwenye idhaa ya Kikamba ambayo mama huifungulia alfajiri kabla ya kuwasha moto, na huifunga usiku baada ya matangazo ya vifo. Lakini sauti haikutoka.

Ijumaa jirani alipita kwetu akamuuliza mama kulikoni hata asionekane mazishini. Rafiki yake wa tangu usichana, mwanamke waliyebatizwa naye siku moja, alikuwa amezikwa jana yake. Tangazo lilisomwa redioni Jumanne na likarudiwa Jumatano. Mama alikaa chini kwenye kigoda, akafunga leso yake upya, na hakusema neno.

Ndipo mpwa wangu, mvulana wa shule ya upili, alipotoka chumbani akiwa ameinamisha kichwa. Mkononi alishika spika ndogo ya mviringo yenye nyaya mbili.

"Mjomba, ni mimi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Niliitoa. Nilitaka kuirudisha kabla nyanya hajajua."

Msomaji, huenda nawe una kijana wa namna hii nyumbani kwako. Redio haikai, saa haikai, na rimoti ya televisheni imefunguliwa matumbo. Wazazi wengi hutafuta fimbo kwanza na maswali baadaye. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimeshaanza kutazama huku na huku. Lakini mama aliniwahi. "Kwanza aonyeshe alichokuwa akifanya nayo," alisema. "Nijue kilichonikosesha kumzika mwenzangu."

Chini ya kitanda

Kijana alivuta bati la mafuta ya kupikia kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na betri ya mraba ya volti 9, kipande cha kadibodi kilichotobolewa matundu, nyaya za rangi tofauti, na chipu moja nyeusi yenye miguu kumi na minne kama jongoo. Aliunganisha spika, akagusa waya kwenye betri, na nyumba ikajaa mlio dhaifu kama wa nyuki aliyenaswa chupani. Alipozungusha kitufe kilichotolewa kwenye redio kuukuu, nyuki huyo alipanda juu hadi akawa mbu, kisha akashuka hadi akawa trekta.

"Ni sinthesaiza," alisema. "Yaani ndiyo mwanzo wake."

Sinthesaiza ni ala inayounda sauti kwa umeme. Gitaa lina nyuzi na ngoma ina ngozi, bali ala hii haina kitu kinachotetemeka isipokuwa umeme wenyewe, ambao hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde hadi uifikie spika. Umeme ukipanda na kushuka mara 440 kwa sekunde, sikio husikia ile noti ambayo wanamuziki hutumia kulinganishia ala zao.

Mwaka wa 1964 mhandisi Mmarekani, Robert Moog, akishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch, aliunda sinthesaiza ya vipande vipande. Kipande kimoja kilizaa sauti, kingine kiliichuja, kingine kiliipandisha na kuishusha. Mwanamuziki aliviunganisha kwa nyaya jinsi apendavyo. Huko California, Don Buchla naye alikuwa akiunda mashine ya namna hiyo miaka iyo hiyo. Vipande hivyo ndivyo huitwa moduli. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer alileta kipimo kiitwacho Eurorack, ambapo kila moduli ina kimo cha milimita 128.5. Leo watengenezaji wengi duniani hukifuata kipimo hicho.

Tatizo ni bei. Moduli moja iliyoundwa tayari ng'ambo mara nyingi huuzwa kwa dola mia moja hadi mia nne, kabla ya usafiri na ushuru, na moduli moja peke yake haifanyi kitu. Kwa familia ya Ndithini inayongoja maembe na ndengu ili ilipe karo, hiyo si ala ya muziki bali ni ng'ombe zizi zima.

Jirani yetu wa Kampala

Hata hivyo, mpwa wangu hakuota jambo lisilowezekana. Huko Kampala, Uganda, yuko mwanamuziki aitwaye Brian Bamanya, ambaye hujulikana kwa jina la Afrorack, jina linalochezea lile la Eurorack. Bamanya hakusubiri mfadhili. Alijifunza elektroniki na kujiundia moduli zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi akawa na ukuta wa nyaya na vitufe unaotoa midundo. Mwaka wa 2022 albamu yake, iliyopewa jina hilo hilo la The Afrorack, ilitolewa na kampuni ya Hakuna Kulala ya huko huko Kampala.

Wala yeye si wa kwanza katika bara hili kuunda chombo kwa mabaki. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, lilitaka likembe zisikike katikati ya kelele za jiji. Wakatumia sumaku kutoka vipuri vya magari makuukuu kuunda vinasa sauti vyao. Mlio wa kukwaruza uliotoka humo, ambao fundi mwingine angeuita kasoro, ndio uliowapa umaarufu ulimwenguni baada ya albamu yao Congotronics ya mwaka wa 2004.

Nasi Ukambani tunajua maana ya kuwa na mlio wetu wenyewe. Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers walilichukua gitaa la umeme, ambalo halikuzaliwa kwetu, wakalifanya lizungumze Kikamba.

Sharti la fundi

Jumamosi asubuhi nilimpeleka kijana kwa fundi wa redio sokoni. Kibanda chake kimejaa mizoga ya redio kaseti, na wateja ni wachache kuliko zamani kwa sababu wengi siku hizi husikiliza redio kwenye simu. Fundi aliigeuza ile kadibodi mkononi, akacheka, kisha akatoa sharti. Angempa kijana spika nyingine, rezista, kapasita na vitufe vya volyumu kutoka kwenye mizoga hiyo bila malipo, lakini kwanza kijana airudishe spika ya nyanya yake mahali pake, kwa mikono yake mwenyewe, na redio iimbe.

Ilimchukua saa nzima. Mara ya kwanza risasi haikushika, kwa sababu aliiyeyusha kwenye chuma cha kuchomelea badala ya kupasha moto waya kwanza. Mara ya pili alikata uzi wa antena. Fundi hakumgusa wala hakumsaidia. Alimwambia tu, "Waya ukipata moto, risasi itakuja yenyewe." Saa tano kasorobo redio ilisema.

Kutoka hapo kazi iliendelea kwa utaratibu, nami naieleza hapa kwa ajili ya kijana yeyote anayetaka kujaribu, awe Machakos, Mombasa au Kisumu.

Moduli ya kwanza: mzazi wa sauti

Chipu anayohitaji mwanzilishi huitwa CD40106. Ni ya bei nafuu na hupatikana katika maduka ya vipuri vya elektroniki, kama yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Ndani yake mna vigeuzi sita, na kila kimoja kinaweza kuwa sauti kamili.

Mguu wa 14 huunganishwa na chanya ya betri ya volti 9, na mguu wa 7 na hasi. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 huwekwa kati ya mguu wa 1 na hasi. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 huwekwa rezista ya kilo-omu 10 iliyofuatana na kitufe cha volyumu cha kilo-omu 100. Basi. Sauti hutoka mguu wa 2.

Kwa nini hulia? Kapasita ni kama mtungi, na rezista ni kama mdomo mwembamba wa mfereji. Mtungi ukijaa hadi kiwango fulani, kigeuzi huufungulia utoke. Ukipungua hadi kiwango cha chini, hufungulia ujae tena. Kujaa na kutoka huko, mara mamia kwa sekunde, ndiko sikio huita mlio. Ukikaza mfereji, mtungi huchelewa kujaa na mlio huwa mzito. Ukiweka mtungi mkubwa, mathalani kapasita ya mikrofaradi 10, hutasikia mlio tena bali tiki, tiki, tiki kama saa ya ukutani. Usiitupe tiki hiyo, tutaihitaji.

Miguu ya kuingilia ya vigeuzi usivyovitumia, yaani 3, 5, 9, 11 na 13, iunganishe na hasi. Ikiachwa ikielea, chipu hupata wazimu na kumaliza betri.

Moduli ya pili: kipaza sauti

Mlio wa chipu ni dhaifu kwa spika. Hapa huingia chipu nyingine, LM386, yenye miguu minane. Mguu wa 6 huenda chanya, wa 4 na wa 2 huenda hasi. Sauti huingia mguu wa 3 na kutoka mguu wa 5, ambapo hupitia kapasita ya mikrofaradi 220 kabla ya kufika kwenye spika ya omu 8. Chanya ya kapasita hiyo ielekee kwenye chipu.

Kabla ya mguu wa 3, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1, rezista ya kilo-omu 100, kisha kitufe cha volyumu cha kilo-omu 10. Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa amekosea. Alikuwa ameiunganisha spika moja kwa moja na chipu ya kwanza, ndiyo maana nyuki wake alikuwa akililia chupani.

Moduli ya tatu: mhesabuji

Hadi hapa una kelele. Ili upate muziki unahitaji mpangilio. Chipu ya CD4017 huhesabu. Kila ipatapo tiki kwenye mguu wa 14, huhamisha umeme kutoka mlango mmoja hadi mwingine, mfano wa mlinzi anayepita na tochi nyumba kwa nyumba. Ina milango kumi. Milango minne ya kwanza ni miguu ya 3, 2, 4 na 7, kwa utaratibu huo. Mguu wa 10, ambao ni mlango wa tano, ukiuunganisha na mguu wa 15, hesabu hurudi mwanzo baada ya hatua nne. Mguu wa 16 huenda chanya, wa 8 na wa 13 huenda hasi. Tiki huipata kutoka kwa kile kigeuzi chenye kapasita kubwa.

Sasa kila mlango upewe kitufe chake cha volyumu cha kilo-omu 100: ncha moja kwenye mlango, ncha ya pili kwenye hasi. Kutoka mguu wa katikati wa kila kitufe toa dayodi moja, mstari wake ukielekea mbali na kitufe, kisha unganisha dayodi zote nne pamoja. Hapo umepata volti inayobadilika hatua kwa hatua kadiri unavyopanga vitufe.

Moduli ya nne: sauti inayotii

Chipu ya mwisho ni 555, mojawapo ya chipu zilizotumika sana duniani, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka wa 1971. Nayo huzaa mlio kama ile ya kwanza, na michoro yake imo katika vitabu vingi vya elektroniki. Lakini ina mlango wa pekee, mguu wa 5. Ukipeleka volti hapo, mlio hubadilika: volti ikipanda mlio hushuka, volti ikishuka mlio hupanda. Unganisha zile dayodi nne na mguu huo kupitia rezista ya kilo-omu 10, na mashine itaanza kuimba noti nne, moja baada ya nyingine, bila kuchoka.

Hapa ndipo ilipo siri ya ala zote za moduli, hata zile za maelfu ya dola: volti moja huiamuru nyingine. Mwenye kuielewa kanuni hii kwa chipu hizi nne ameshavuka mto. Mambo mengine, kama vichujio na umeme wa volti 12 za pande mbili unaotumiwa na Eurorack, yatakuja kwa wakati wake.

Aliyoyalipia

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Jumapili jioni kijana aligeuza betri, chanya ikawa hasi, na CD4017 yake ikafa kimya kimya, moto kama jiwe la jikoni. Hakukuwa na nyingine Ndithini nzima. Alingoja siku nne hadi dereva wa matatu alipomletea mpya kutoka Nairobi. Tangu siku hiyo huweka dayodi moja kwenye waya wa betri, ambayo huzuia umeme kupita kinyume. Nampa ushauri huo huo kila msomaji: nunua chipu mbili mbili, na kwanza unganisha kwenye ubao wa matundu usiohitaji risasi. Choma risasi ukishahakikisha kwamba kazi inafanya kazi.

Wazazi nao wana wajibu wao. Kazi hii yote ni ya betri ya volti 9, ambayo umeme wake ni dhaifu. Umeme wa ukutani ni volti 240, nao huua. Mtoto asiunganishe chochote na soketi, na asifungue televisheni ya zamani yenye kioo kinene, kwani huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Risasi iyeyushwe mahali penye hewa, mbali na watoto wachanga, na mikono ioshwe kabla ya kula. Tena kijana afundishwe kuomba ruhusa. Kifaa kilichokufa kipo sokoni kwa bei ya soda. Hakuna haja ya kukiua kinachoishi.

Noti nne

Usiku wa mwisho wa likizo yangu, kijana aliweka bati lake mezani. Alikuwa amelitoboa matundu ya vitufe vinne na kuifunga spika ya fundi kwenye kifuniko. Akawasha. Noti nne zikaanza kuzunguka. Mdogo wake wa darasa la tatu akaanza kupiga makofi, naye akakaza mwendo wa tiki hadi ukawafikia.

Mama alisikiliza kitambo kirefu. Kisha aliomba aonyeshwe kitufe cha tatu. Akakizungusha polepole, akarudi nyuma kidogo, akasimama.

"Hapo," alisema. "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiimba mimi na yeye tukienda mtoni. Ya tatu ilikuwa chini zaidi."

Kijana alichukua kalamu akaweka alama ndogo kwenye bati, mahali kitufe kilipoelekea. Kesho yake asubuhi walitoka pamoja kwenda kuwapa pole wafiwa, nyanya akiwa mbele na mjukuu nyuma yake amebeba kikapu cha unga na sukari. Redio waliiacha ikiwaka juu ya kabati, ikisoma matangazo.